The Breakfast Club: baba analia, binti ananuna

Swali: Mimi ni baba wa watoto wawili. Filamu ya The Breakfast Club niliipata kwenye kanda ya video nikiwa sekondari, nikaitazama mpaka mkanda ukaanza kukwama. Juzi nikamwita binti yangu wa miaka 16 tuitazame pamoja. Mimi machozi yalinitoka, yeye akanuna. Anasema Bender anamdhalilisha Claire kutwa nzima halafu anapewa busu, na kwamba Allison alikuwa wa kuvutia mpaka walipompamba. Nikamwambia hajaielewa, tukagombana. Je, filamu hii imepitwa na wakati, au ni vijana wa leo wasio na uvumilivu? Na mdogo wake wa miaka 12 naye aitazame?

Jibu: Kaka, kwanza mwombe radhi binti yako kwa lile neno la kwamba hajaielewa. Ameielewa. Aliyoyasema yote mawili yamo ndani ya filamu, wala hakuyazua. Na wewe nawe hukulia bure, kwa sababu kilichokuliza kimo pia. Shida yangu na ugomvi wenu ni nyingine: mmebishana juu ya Bender, Claire na Allison, na hakuna hata mmoja wenu aliyemtaja Brian. Mimi naamini Brian ndiye roho ya filamu hii, na mtu akiitazama kupitia kwake, hata makosa yake yanaonekana wazi zaidi kuliko binti yako alivyoyaona.

Nianze na wale ambao hawajaiona. Ni Jumamosi, Machi 24, 1984, saa 1 asubuhi, katika sekondari ya Shermer, mji wa kubuni katika jimbo la Illinois, Marekani. Wanafunzi watano wameitwa kutumikia adhabu. Watakaa maktaba kutwa nzima bila kuongea wala kusinzia, na kila mmoja ataandika insha ya maneno yasiyopungua 1,000 kueleza anadhani yeye ni nani. Claire (Molly Ringwald) ni binti wa wenye nazo, alitoroka vipindi akaenda madukani. Andrew (Emilio Estevez) ni mpiga mieleka wa timu ya shule. Bender (Judd Nelson) ni mtukutu ambaye walimu wameshamkatia tamaa. Allison (Ally Sheedy) amejifunika nywele usoni na hasemi na mtu. Brian (Anthony Michael Hall) ndiye kichwa cha darasa. Anayewasimamia ni makamu mkuu wa shule, Vernon, aliyechezwa na Paul Gleason. Basi, zaidi ya hapo ni dakika 97 za vijana kukaa, kutukanana, kuvuta bangi, kucheza muziki na kuambiana ya moyoni.

John Hughes aliiandika na kuiongoza mwenyewe kwa bajeti ya takriban dola milioni 1, fedha ndogo hata kwa wakati ule. Ilipotoka Februari 1985 iliingiza zaidi ya dola milioni 40 nchini Marekani peke yake. Waliipiga katika sekondari ya Maine North, mjini Des Plaines karibu na Chicago, shule iliyokuwa imefungwa tangu 1981. Ile maktaba unayoiona, na ngazi zake na sanamu yake katikati, ilijengwa ndani ya ukumbi wa michezo wa shule hiyo. Na Hughes akafanya jambo ambalo waongozaji wengi hulikwepa: alipiga picha kwa kufuata mtiririko wa hadithi, kuanzia asubuhi ya Jumamosi ile hadi jioni yake. Kawaida filamu hupigwa vipande vipande, mwisho unaweza kupigwa siku ya kwanza, kwa sababu za gharama. Hapa ilikuwa ni seti moja, waigizaji wachache, nguo moja kila mtu, hivyo iliwezekana. Waigizaji wakazoeana kadiri wahusika walivyozoeana. Ndiyo maana saa ya kwanza ya filamu inakera kidogo, watu wanachokozana bila mpangilio, na ikifika pale wanapokaa sakafuni kwa duara unahisi kweli hawa wameshinda pamoja.

Sasa hoja za binti yako.

Bender hamwachi Claire. Anamuuliza maswali ya aibu juu ya ubikira wake mbele ya wenzake, anamfanyia kejeli, na anapojificha chini ya meza Vernon asimwone, anachungulia chini ya sketi yake, na kelele za Claire zinatuonyesha kwamba hakuishia kuchungulia. Kisha jioni Claire anamfuata stoo alikofungiwa, anambusu, na nje ya shule anamwachia hereni yake ya almasi. Bender hajasema samahani hata mara moja. Hivyo ndivyo filamu ilivyoandikwa. Hakuna haja ya kusema "zamani mambo yalikuwa hivyo", kwa maana hata mwaka 1985 msichana aliyefanyiwa hivyo darasani alijua amefanyiwa nini.

Na kama binti yako anatafuta shahidi, yupo mkubwa kuliko wote. Aprili 2018, vuguvugu la wanawake kusema hadharani juu ya udhalilishaji wa kingono likiwa limepamba moto Marekani, Molly Ringwald mwenyewe aliandika makala ndefu katika jarida la The New Yorker. Alieleza jinsi alivyoitazama filamu hii pamoja na binti yake na kujikuta anaiona upya. Aliitaja picha ile ya chini ya meza: wakati wa kupiga filamu alikuwa na miaka 16, kwa hiyo iliyoonekana pale ni miguu ya mwanamke mtu mzima aliyeletwa kwa kazi hiyo. Aliandika wazi kwamba Bender anamnyanyasa Claire filamu nzima na mwishoni anampata. Lakini hakuikana filamu. Katika makala hiyo hiyo aliwazungumzia watu ambao filamu za Hughes ziliwasaidia kuuvuka ujana wao, wakiwemo ambao sura na maisha yao hayamo kabisa katika filamu hizo. Aliyabeba yote mawili pamoja, na mimi nadhani huo ndio usomaji wa haki kuliko wowote nilioukuta juu ya filamu hii.

Jambo moja wazazi hulisahau: Nelson alikuwa na miaka 24 walipokuwa wakipiga picha, naye Ringwald 16. Sisi tuliozoea filamu zenye wanafunzi waliochezwa na watu wazima hatulioni. Msichana wa 16 anayetazama leo analihisi bila kuambiwa, kwa sababu mwili wa Bender ni wa mwanamume na wa Claire ni wa rika lake.

Juu ya Allison niko upande wa binti yako bila masharti. Mtazame wakati wa chakula cha mchana. Wenzake wametoa vyao: Claire ana sushi kwenye kisanduku maridadi, Andrew ana lundo la chakula la kulisha familia, Brian ana supu na mkate wa siagi ya karanga uliokatwa ukoko na mama yake, Bender hana kitu. Allison anafungua mkate wake, anarusha juu kile kipande cha nyama kikaenda kugandia kwenye sanamu, anamwagia unga wa pipi na kujaza nafaka tamu za kifungua kinywa, anaukandamiza kwa kiganja unalia kwacha kwacha, kisha anaula huku wote wamemkodolea macho. Kabla ya hapo alikuwa ameshachora mandhari ya kipupwe kwenye karatasi, akatikisa nywele ili mba zianguke ziwe theluji. Hakuna mhusika mwingine mle ndani aliye na ubunifu wa namna ile. Kisha Claire anamfuta wanja, anambana nywele kwa utepe, naye anatokea akiwa na nguo nyeupe, na ghafla Andrew anaduwaa kana kwamba hakuwahi kumwona. Filamu imetumia saa nzima kutuambia tusiwapime watu kwa mavazi, halafu inampima kwa mavazi. Ni doa. Unaweza kuipenda filamu na bado ukalisema.

Nije kwa Brian sasa, maana hapa ndipo ningependa mrudi ninyi wawili.

Asubuhi tunawaona wakishushwa kwenye magari. Gari la familia ya Brian lina kibao cha namba kilichoandikwa EMC 2, ile kanuni ya Einstein, kwa hiyo unajua mara moja wazazi wanajivunia nini. Mama yake hamuulizi amejisikiaje kupewa adhabu. Anamwambia atumie siku hiyo kusoma. Brian anajibu kwamba hawaruhusiwi kusoma, wanatakiwa kukaa tu. Mama anasema basi atafute namna ya kusoma. Mdogo wake wa kike aliyekaa katikati anadakia kumuunga mkono mama. Sekunde chache tu, na filamu imeshamaliza kueleza nyumba nzima.

Halafu inatusahaulisha. Saa nyingi Brian ni kijana wa kuchekesha anayemkubali kila mtu, anayeingilia maneno kwa wakati usiofaa, anayefichiwa bangi ya Bender ndani ya suruali yake. Tunamcheka. Wanapofika kwenye duara sakafuni, ni yeye anayeuliza swali ambalo wengine wote wanaliogopa: Jumatatu itakuwaje? Yeye anawahesabu kuwa rafiki zake, je, anakosea? Claire anamuuliza kama anataka ukweli, kisha anamwambia hadhani kama urafiki utaendelea. Bender anamrukia Claire kwa hasira, wanagombana. Brian anasema kwa upole kwamba yeye hawezi kuwafanyia hivyo. Claire anamjibu kuwa rafiki zake Brian hawatajali kwa sababu wao huwaona watu kama Claire kuwa wa juu yao, na kwamba Brian haelewi shinikizo ambalo marafiki wa kundi la Claire wanaweza kumwekea mtu.

Hapo ndipo kijana yule mpole anapolipuka. Mimi sielewi shinikizo? Anajifunika uso kwa mkono wa sweta, na akitulia anawaambia kwa nini yuko pale: walikuta bunduki kwenye kabati lake. Alichukua somo la ufundi akidhani litakuwa rahisi na litamlindia wastani wake wa alama. Wakaambiwa watengeneze taa ya umbo la tembo, ukivuta mkonga taa inawaka. Yake haikuwaka. Akapata sifuri yake ya kwanza maishani, akaona hakuna njia. Claire anamwambia kujiua si njia. Brian anajibu kwamba hakujiua, sivyo?

Kisha inajulikana kuwa silaha yenyewe ilikuwa bastola ya kurusha mwanga wa dharura, na ilijifyatukia ndani ya kabati. Andrew anaanza kucheka. Brian anasema si jambo la kuchekesha, kisha naye anashindwa, anasema yule tembo aliteketea, na kicheko kinawashika wote.

Kaka, nimeifundisha filamu hii kwa vijana wa kozi ya uandishi wa miswada, na kila mara darasa linacheka pale pale anapocheka Andrew. Sitawalaumu, Hughes amelipanga hivyo kwa ustadi mkubwa, na vijana hucheka hivyo kweli wanapokuwa wametishika. Lakini hesabu kilichotokea. Mtoto ametamka kwamba alitaka kujiua kwa sababu ya alama ya somo la taa, na ndani ya dakika chache mazungumzo yamekwenda kwingine. Hakuna mtu mzima aliyemuuliza. Shule ilipokuta silaha ilimpa adhabu sawa na ya msichana aliyetoroka kwenda madukani. Na mwisho wa siku, Claire ameondoka na Bender, Allison ameondoka na Andrew, na Brian amebaki peke yake maktaba akiandika insha ya watu watano, kwa sababu Claire alimsifia kuwa yeye ndiye mwenye akili kuliko wote. Anapomaliza anajipiga ngumi kidogo begani kujipongeza. Hakuna mwingine wa kumpongeza.

Insha ile ndiyo sauti inayofungua na kufunga filamu. Mwanzoni anasema mmezoea kutuona kama kichwa, mwanamichezo, punguani, binti mfalme na mhalifu. Mwishoni anasema waligundua kwamba kila mmoja wao ni hao wote watano. Watu hunukuu maneno hayo kama ushindi wa kundi. Ni kweli ni mazuri, lakini yameandikwa na mmoja, na ndiye aliyeahidi kwamba Jumatatu hatawageuka. Swali lake halikujibiwa. Nadhani filamu imedumu kwa sababu ya swali hilo. Ingelikuwa imeishia kwa watano kuwa marafiki wa kudumu tungeshaisahau, maana kila mtu aliyesoma shule ya bweni au ya kutwa anajua Jumatatu ilivyo.

Kuna jambo dogo la kumwonyesha binti yako. Gari linapokuja kumchukua Brian jioni, baba aliyekaa kwenye usukani ni John Hughes mwenyewe. Sijui kwa wengine, kwangu mimi uamuzi huo wa kukaa katika kiti cha mzazi wa Brian, si wa Claire wala wa Andrew, una uzito.

Sasa wewe. Ulipoitazama sekondari ulikuwa Bender au Andrew, naamini. Sasa una watoto, na nashuku machozi yako yalianza mapema kuliko unavyokumbuka. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, husema wahenga, na hofu ya vijana hawa watano ni hiyo hiyo: Andrew analia kwa sababu alimtesa mwenzake mnyonge chumba cha kubadilishia nguo ili baba yake amwone dume, Bender anaonyesha kovu la sigara kubwa mkononi, adhabu ya kumwaga rangi gereji, Allison akiulizwa wazazi wake wanamfanya nini anasema hawamjali. Wanaulizana kama watakuja kuwa kama wazazi wao, na Allison anasema haiepukiki, ukikua moyo hufa. Mtu wa miaka 16 husikia hapo hukumu juu ya watu wazima. Mtu wa umri wako husikia anaulizwa.

Ndiyo maana nakushauri uitazame tena ile sehemu Vernon anakaa chini na Carl, mfanya usafi, aliyechezwa na John Kapelos. Vernon analalamika kwamba watoto wamebadilika, wamekuwa na kiburi. Carl anamwambia watoto hawajabadilika, aliyebadilika ni yeye. Vernon anasema kinachomkosesha usingizi ni kwamba akizeeka hawa ndio watakaomtunza. Carl anamwambia asitegemee. Swali lako kwangu, kwamba vijana wa leo hawana uvumilivu, lilikuwa swali la Vernon, kaka. Nakwambia kwa upendo.

Kuhusu kupitwa na wakati: maktaba ya bunge la Marekani iliiingiza kwenye hazina ya taifa ya filamu mwaka 2016, na Aprili 2025 waigizaji wote watano walikaa jukwaa moja Chicago kuadhimisha miaka 40, Estevez akiwa amejiunga nao kwa mara ya kwanza. Siku hiyo Ringwald alisema haungi mkono filamu hii kutengenezwa upya, na akataja wazi kwamba ni filamu ya Wazungu watupu. Kweli, hakuna mwanafunzi mweusi hata mmoja kwenye chumba kile, wala wa asili nyingine yoyote. Mtazamaji wa kwetu huizoea hali hiyo upesi kwa sababu filamu nyingi za Marekani zilizotufikia zilikuwa hivyo. Binti yako akiitaja, msikilize; na kama anapenda kuandika, mwambie aandike ni kina nani watano angewaweka yeye katika maktaba ya shule yake, na nani angeuliza habari za Jumatatu.

Wimbo wa mwisho, ule wa Simple Minds unaoomba usisahauliwe, ulifika namba 1 Marekani Mei 1985, na nadhani umechangia sana machozi ya watu. Bender anakatiza uwanja wa mpira, ngumi juu, picha inaganda. Ni mwisho mtamu mno. Unamfanya mtazamaji aondoke akimkumbuka Bender.

Mdogo wake wa miaka 12, hapana, bado. Kwao Marekani filamu hii ilipewa daraja la R, yaani walio chini ya miaka 17 waingie na mzazi au mlezi, na sababu zipo: matusi mazito, bangi inayoonyeshwa kama ufunguo wa kufunguka, maneno ya dharau kwa mashoga, udhalilishaji tuliousema, na habari za kujiua. Lile la mwisho ndilo linalonifanya nisite zaidi, hasa kwa mtoto anayekaribia mitihani. Ngoja afike 15 hivi, na dada yake akae naye. Mtakapofika pale Brian anapoeleza habari za ile taa ya tembo, isimamishe filamu kabla Andrew hajacheka. Muulize kama yeye ndiye angekuwa amekaa sakafuni pale angemwambia nini Brian, na umwache ajibu mpaka amalize.